Ukurasa Mmoja wa Mama Mukubwa

Kwetu Butembo mtu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijafunikwa udongo, mmoja wa ukoo husimama na karatasi na kusoma biografi: marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifunga ndoa na nani, alizaa watoto wangapi na wangapi wako hai, alifanya kazi gani, ugonjwa ulimshika vipi. Mwishoni huja shukrani kwa waganga na majirani. Ukurasa mmoja, mara chache miwili. Ukishasikia kumi, zilizobaki unaweza kuzisoma ukiwa umefumba macho.

Nilianza kuziandika nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa na kipaji. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nilijua Kifaransa kiasi, na sikuwa na kazi nyingine, kwa sababu shule yetu ilikuwa imegeuzwa kambi. Askari walichoma madawati wakipikia, na vitabu walivichana wakisokotea tumbaku. Niliokoa nusu ya kitabu kimoja tu, kitabu cha falsafa cha mwaka wa mwisho, mwaka ambao sikupata kuusoma. Nilijifundisha mwenyewe kwa nusu ile, nikinakili kila fungu katika daftari hadi litoke bila neno lililokatwa. Neno moja likiharibika, nilichana karatasi nzima na kuanza upya. Wasichana wenzangu waliniita sekretere ya bafu, karani wa wafu, na niliposhika njia ya sokoni walinipigia saluti.

Sura ya mwisho iliyosalia katika kitabu kile iliuliza kama maisha ya binadamu yana maana. Ilieleza kwamba kuna waliosema maana ni furaha, wengine wajibu, wengine Mungu, na kuna waliosema hakuna maana yoyote. Kisha iliahidi kutoa jibu, na hapo kurasa ziliishia. Jibu lilivutwa na askari fulani, pengine akiwa amekaa kwenye bariyeri, kizuizi chao cha barabarani, akingoja sisi tupite na mizigo yetu.

Nakiri jambo la aibu. Vita ile ilinipa wafu wengi, na mimi nilijiona mtu muhimu. Nilipoitwa kwenye matanga nilitembea polepole, kalamu ya bic ikiwa imechomekwa kwenye nywele, nikijua wote wananingoja.

Siku moja tulimzika jirani yetu, mama ambaye hakuwa na mtoto. Biografi yake niliiandika mimi. Niliuliza maswali ya kawaida, na kila penye swali la watoto, la wajukuu, la wakwe, jibu lilikuwa hapana. Iliposomwa kaburini, wanaume wa nyuma walikuwa bado hawajavua kofia. Mmoja aliuliza kwa sauti:

"Eh! Imeisha? Ama ile ilikuwa titre, kichwa cha habari tu?"

Watu walicheka, mikono midomoni. Mimi pia nilitaka kucheka. Kisha nikamwona mama mukubwa, amesimama upande wa pili wa shimo, na hakuwa anacheka.

Mama mukubwa alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa sijaota meno yote, na ni yeye aliyenilea kule Musienene hadi nilipofikia umri wa kwenda shule mjini. Yeye mwenyewe hakuzaa. Baada ya miaka tisa ya ndoa, watu wa mume wake walimrudisha kwao na sanduku lake, mchana, mbele ya macho ya soko zima. Nilipokwenda shule alihamia Beni akaanza kuuza maharagwe. Aliyanunua Musienene na kuyapakia kwenye malori, na alijulikana kwa jambo moja: alikuwa akiuma punje moja tu kutoka katika kila gunia na kusema kama gunia lote limekauka au linadanganya. Hakukosea. Kwa kuuma huko jino moja la mbele lilikuwa limevunjika pembeni.

Alikuwa amekuja kutoka Beni kwa mazishi hayo, na tulirudi pamoja. Kwenye daraja aliniuliza:

"Ile biografi ya leo, ni weye uliandika?"

"Ni mimi, mama mukubwa."

"Ilikuwa na mistari ngapi?"

"Saba."

"Saba." Aliinua kitenge chake kukwepa tope. "Mutu anaamuka kila asubui miaka yote ile, anateka mayi, analima, mistari saba. Na yangu itakuwa na ngapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu.

"Andika yangu sasa," alisema. "Nisikie nikingali na maskio."

"Lakini mama mukubwa, biografi banasomeaka mufu."

"Mufu atasikia na nini? Mimi njo nasikia. Tena ikuwe murefu. Nataka batu bakae mpaka matako ibaume."

Ndiyo hiyo tu. Hakutaka kujua maana ya maisha. Alitaka watu wachoke kukaa kwa ajili yake. Na alitaka kuwaona wamekaa, kwa hiyo tulipanga kwamba nitakapomaliza nitaenda Beni, tutaalika wauzaji wenzake kwenye ua wake, atapika bugari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nami nitasoma.

Njiani alianza kunipa ya kuandika. Alinibeba mgongoni kutoka Musienene hadi hospitali ya Butembo nilipougua surua, nikamtapikia shingoni, na hakusimama kujifuta. Aliwafundisha wasichana wa soko kuuma punje. Lakini jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la askari wa bariyeri. Askari yule aliingiza mkono katika beseni lake la maharagwe bila kuomba. Mama mukubwa alilipindua beseni lote chini.

"Nikamwambia: okota! Sasa hapo, weye, unaweka point. Unaruka mustari. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hapo inaisha."

Nilijua haikuishia hapo. Mwanamke mwingine wa soko alikuwa amenisimulia zamani. Askari yule alimpigisha magoti, akamfanya aokote yeye, punje moja moja, kuanzia saa sita hadi jua lilipokaribia kuzama, na kila aliyepita bariyeri alimwona.

Ningeweza kumaliza kazi ile kwa wiki moja. Ilinichukua miezi minane.

Kwanza ulinishinda mwaka wa kuzaliwa. Wazee wetu wengi hawaujui, na katika biografi tunaandika "vers", yaani karibu na mwaka fulani. Sikutaka mama mukubwa azaliwe karibu na mwaka fulani. Watu wa "vers" walikuwa ni watu wa mistari saba. Yeye alisema tu kwamba alizaliwa mwaka ambao viazi vilioza shambani. Nilikwenda parokia kutafuta daftari la ubatizo, nikaambiwa limefichwa kwa ajili ya vita na aliyelificha amekimbia. Nilikwenda hadi Vuhovi kwa miguu kumuuliza mzee mmoja wa ukoo, naye alinitajia mwaka, kisha nilipokuwa naaga alinitajia mwingine.

Halafu ulinishinda mstari wa watoto. Nilihitaji kitu cha kuweka pale, kitu kizito kama watoto sita. Nilirudi kwenye nusu ya kitabu changu, nikaandika kwamba maana ya maisha yake ilikuwa wajibu. Nikalikata. Nikaandika kwamba aliishi kwa ajili ya wengine. Nikakumbuka kwamba sentensi hiyo hiyo niliiandika kwa bwana mmoja aliyekuwa akiwapiga wake zake wawili, na ukoo wake ulinishukuru. Nikalikata hilo pia. Nilifika hadi kuandika ukurasa mzima wa Kifaransa juu ya utupu wa binadamu, na ninapoukumbuka leo masikio yanawaka. Mwanamke aliomba kusikia habari ya maharagwe yake, nami nilikuwa nabishana na kurasa zilizochanwa.

Na ulinishinda mwisho wa kisa cha askari. Nilijiambia kwamba ukweli ni lazima, kwamba biografi zote nilizowahi kuandika zilikuwa uongo na hii itakuwa ya kwanza isiyodanganya. Kwa hiyo niliandika kuokota. Niliandika vizuri sana, magoti, jua, na wapita njia. Niliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Kila nilipoisoma niliogopa uso wake, na kila nilipoogopa nilianza kunakili upya.

Dereva wa lori la maharagwe alikuwa akituletea habari zake kutoka Beni. Kila mara aliposimama mbele ya nyumba yetu alipiga honi mbili.

"We sekretere! Mama mukubwa anauliza kama amesha zaliwa!"

"Mwambie bado kidogo."

"Bado kidogo? Mimba gani hiyo? Hata tembo anakuwaka amesha zaa!"

Vijana wa barabarani walicheka. Safari iliyofuata alileta kikapu cha maharagwe na swali lilelile. Safari iliyofuata alileta swali bila kikapu. Kisha akaja siku moja bila honi, akashuka, akasema miguu ya mama mukubwa imevimba, kifua kinamsumbua, na kwamba kama nina karatasi yoyote niichukue nipande sasa hivi, maana barabara haijulikani itafungwa lini.

Niliichukua nakala niliyoiona safi kuliko zote. Kwenye mwaka wa kuzaliwa niliandika "vers", kwa wino hafifu.

Kwenye bariyeri ya pili askari walitushusha wote. Mmoja alikuwa anakula nanasi. Alifungua mfuko wangu, akaikunjua karatasi kwa vidole vilevile vilivyolowa, akaitazama juu chini.

"Oyo nini? Ni barua ya adui?"

"Ni biografi."

"Ya nani alikufa?"

"Hajakufa."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa kichwa, akanirudishia. Doa la maji ya nanasi lilikuwa limeufunika mwandiko kuanzia mstari wa kwanza hadi wa nne. Njia yote iliyobaki nililia, na mama aliyekaa karibu nami juu ya magunia alidhani ninalilia maiti.

Nilimkuta mama mukubwa uani, amekaa kwenye kigoda, miguu imewekwa juu ya beseni lililopinduliwa. Alikuwa anapukuchua maharagwe. Alikuwa amepungua sana, lakini aliponiona jino lile lililovunjika lilionekana.

"Iko wapi?"

"Iko hapa."

"Basi soma. Bale benzangu nitabaita kesho. Leo nisikie mi mwenyewe."

Niliitoa. Nilimwonyesha doa. Nilimweleza kwamba mistari minne ya mwanzo imeharibika, kwamba nimekuja na karatasi nyeupe mbili, kwamba jioni nitainakili yote, na asubuhi itakuwa safi.

"Doa iko na kinywa?" alisema. "Soma."

"Mama mukubwa, kesho asubui. Nakuapia. Haiwezi kusomwa hivi."

"Weye uliandika, na hapana jua nini iko chini ya doa?"

Nilijua. Nilijua kila neno, ningeweza kusoma nikiwa nimefumba macho. Lakini nilikuwa nimengoja miezi minane ili iwe bila kosa, na sikuweza kuvumilia iingie masikioni mwake kwa mara ya kwanza ikitoka kwenye karatasi chafu. Na chini ya sababu hiyo kulikuwa na nyingine. Niliogopa tufike kwa askari yule. Doa lilinipa usiku mmoja wa kuahirisha, nami nililishukuru.

Alichukua ganda jingine la maharagwe.

"Haya. Kesho basi," alisema. "Kula kwanza. Umekonda sawa mutu anaandikaka bafu."

Jioni ile niliharibu karatasi moja kwa neno moja lililokosewa. Asubuhi nilianza ya pili, juu ya kizingiti, penye mwanga. Nilikuwa kwenye mstari wa tisa milio ya risasi ilipoanza upande wa juu wa mji. Mwanzoni ilikuwa mbali. Kisha watu wakaanza kupita na magodoro kichwani, na jirani wa mama mukubwa, fundi wa viatu, aliingia uani akisukuma baiskeli.

"Mama, panda hapa nyuma. Hapana beba kitu."

Tulimpandisha, mito miwili chini yake, mikono yake imeshika mabega ya fundi. Tulishika barabara ya Butembo na mji mzima. Mimi nilitembea pembeni nimekumbatia mfuko. Kila tulipopanda kilima nilisukuma, na kila tuliposhuka baiskeli ilitutangulia. Katika kushuka mojawapo aligeuka, akanitafuta kwa macho katika watu wale wote, akapaza sauti:

"Chunga ile karatasi, we! Njo mimi iyo!"

Watu waliokuwa karibu walicheka kidogo, hata katika hali ile, kusikia kwamba karatasi ile ndiyo yeye. Niliinua mfuko juu ili auone. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kutoka kwake, kwa sababu wimbi la watu kutoka njia ya pembeni lilituingilia kati, nikaipoteza baiskeli.

Niliikuta alasiri, imeegemezwa kwenye ukuta wa kikanisa kando ya barabara. Fundi alikuwa amekaa chini. Aliniambia kwamba mama mukubwa alikuwa amelaza kichwa mgongoni mwake kama mtu aliyesinzia, na kwamba yeye aliendelea kumsimulia habari za kilima hiki na kilima kile, hadi aliposhangaa mbona hamjibu. Hakukuwa na njia ya kumbeba hadi Butembo. Watu wa kijiji walikuwa wamekwisha kuchimba. Nilipofika nyuma ya kikanisa walikuwa wanakanyagia udongo kwa miguu, haraka, kwa sababu walikuwa na mizigo yao ya kufunga.

Katekista wa pale, kijana aliyevaa koti lililomzidi, alikuwa amemwuliza fundi marehemu alikuwa nani ili aombe. Fundi alimjibu: "Alikuwa anauzisha maharagwe. Hapana mutoto." Katekista aliyarudia hayo katika sala yake. Mistari miwili. Aliponiona aliuliza kama mimi ni wa ukoo, kisha akaniuliza:

"Kuko kitu ya kusoma?"

Karatasi zilikuwa mfukoni mwangu, iliyochafuka na ile ya mistari tisa. Nikasema, "Hapana."

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Watu wa ukoo wanajua kwamba nilichelewa kufika. Hawajui kwamba niliulizwa. Nilitazama udongo, nikawatazama wale watu wanne wageni wenye majembe, nikaona kwamba karatasi moja ina doa na ya pili haijakamilika, na kinywa changu kikasema hapana kabla sijakizuia.

Kutoka kikanisani hadi Butembo nilitembea siku mbili. Mahali fulani njiani nilikaa juu ya jiwe, nikatoa bic, nikaikata sehemu ya kuokota. Yote, magoti na jua na wapita njia. Baada ya "okota" niliweka nukta. Ni sahihisho pekee katika maisha yangu ambalo sikulinakili upya.

Kwenye matanga, nyumbani kwetu, nilisimama na karatasi ile ile, chafu, imekunjwa, mistari imekatwa, nikasoma. Ilichukua muda mrefu. Wazee walibadilisha upande wa kukalia mara mbili, tatu. Nilipofika kwenye beseni watu walicheka na kupiga makofi, na nilipofika kwenye punje nilisikia mama mmoja akiguna. Mahali pa watoto nilikuwa hatimaye nimeandika hivi tu: "Aliuma punje moja kutoka kila gunia, na wale wanaokula maharagwe Beni hawakupika yaliyodanganya." Baadaye walinizunguka. Walisema hawajasikia biografi kama ile hata kwa mfanyabiashara mkubwa. Nilipokea sifa zote, moja baada ya nyingine, wala sikuwazuia.

Mjomba wangu aliniomba karatasi ili ainakili. Alisema itatusaidia kama mfano, siku hizi za vifo vingi, na tutabadilisha tu majina. Nilimpa. Nilikuwa nimechoka.

Kwa hiyo mfano huo unatembea mjini. Mwaka jana nilihudhuria mazishi ya bwana aliyekuwa akiuza mafuta ya magari, baba wa watoto wengi, ambaye sidhani kama aliwahi kugusa gunia. Mpwa wake alisimama, akakunjua karatasi nyeupe, safi, yenye mwandiko ulionyooka kuliko wangu, akasoma kwamba marehemu aliuma punje moja kutoka gunia. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Mama aliyesimama mbele yangu alisema polepole, "Kweli kabisa, njo vile alikuwa."

Msomaji aliruka neno moja. Alisema "kutoka gunia", bila "kila". Nilisimama pale nikilisikia neno lile likikosekana, na nikangoja labda atarudi kulisema. Hakurudi. Akaendelea hadi kwenye shukrani kwa waganga na majirani.